Usukani Uliojizungusha

Nyumba ya Uani,
Nyuma ya Maghala.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani, na wifi yangu je? Yule mdogo ameacha kukohoa? Sisi tu wazima, isipokuwa shingo ya Baba, ambayo tangu apasuliwe haigeuki kabisa. Ukimwita kwa nyuma, anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

Najua umeshaandika barua ya kuacha kazi, unasubiri mwisho wa mwezi uje umpokee Baba kazi ya kuvuta tela, kwa kuwa hawezi tena kutazama nyuma. Naomba usome hii kwanza.

Uchochoro wetu unaukumbuka: kushoto ukuta wa fundi cherehani, kulia tangi la maji, na tela la jenereta tunayokodisha lazima liingie kinyumenyume. Mimi nilijaribu mara tatu, na mara tatu nikaubomoa ukuta. Sasa una viraka vingi kuliko suruali anazoshona mwenyewe. Baba akanipiga marufuku.

Basi ile pikapu aliyonunua ina kidude cha kuzungusha karibu na gia. Miezi miwili tulidhani ni cha redio. Leo fundi umeme wa magari alicheka mpaka akakaa chini. Akabandika karatasi ya miraba kwenye tela ili kamera ya nyuma ilione, akapima urefu, akatuambia tuzungushe kidude upande tunaotaka tela liende, usukani tusiuguse.

Baba akaanza. Kaka, bingwa wetu akaelekea moja kwa moja kwenye tangi. Miaka arobaini mikono yake imezoea kwamba ukitaka tela liende kulia, unakata kushoto, basi na kidude alikizungusha kinyume. Mara nne. Jasho likamtoka, nikamwonea huruma sana.

Nikaomba nijaribu. Akashuka. Nikazungusha kidude kulia, na usukani ukaanza kujizungusha wenyewe mbele yangu, kushoto, kulia, kushoto tena, hakuna aliyeushika. Sikujua nicheke au nisali. Kazi yangu ilikuwa mafuta na breki tu, na tela likapita katikati likasimama mahali pake. Fundi cherehani, aliyekuwa dirishani kajishika kichwa, akakiachia.

Baba alilizunguka tela lote polepole, akigusa kila kona, kisha akaniwekea ufunguo mkononi.

"Kesho wenye bucha wanaitaka jenereta saa moja asubuhi," akasema. "Utapeleka wewe. Na kaka yako mwandikie asiache kazi yake."

Basi ndiyo nimekuandikia. Ile barua ichane. Ila ujue, Kaka, miaka sita nimeomba urudi nyumbani, na sababu ya kurudi nimeiondoa mimi mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Wifi na watoto wape mapenzi yangu. Mungu awafunike huko mliko, na likizo ikipatikana, njoo tu bila sababu.

Mdogo wako akupendaye,
Dereva.