Fomu Iliyo kwa Glenys

Dada Meinir,

Huko Perth najua ni joto. Hapa kiwanda cha samaki kinafungwa kabisa Ijumaa, na kantini imepooza hata nakosa wa kubishana naye.

Unakumbuka nilivyokuwa nikigonga meza za kantini kwa ubishi? Nilisema kuokoa watu baharini ni kazi ya serikali, na mchango wa hisani unaokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi ni ujanja wa matajiri. Bado nasema.

Jana Glenys, karani wa mishahara, aliniita. "Kelele zote hizo, Idwal, na fomu yako ninayo miaka ishirini na sita. Kila mwezi unakatwa mchango wa mashua ya uokoaji. Niwaambie wenzako?"

"Thubutu uone."

Akacheka, kisha akafuta macho.

Watu wa mashua hiyo walimtafuta Baba baharini siku tatu bila ujira, Meinir. Mama aliwapelekea mchuzi wa kondoo gatini, nawe ukabeba mkate. Najua hujawasamehe kwa kurudi mikono mitupu. Lakini makato yangu yanakoma Ijumaa, na hospitalini unakofanya kazi fomu kama hizo zipo. Chagua mashua yoyote ya huko.

Wewe jaza. Mimi nitaendelea kupinga.

Kaka yako mbishi,
Idwal