Mita Sitini na Mbili za Waya Mwembamba

Zahanati, 3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo, na mguu nao haujambo? Nasikia bado umening'inizwa na lile jiwe la kuvuta mfupa kama nyama buchani. Pole sana. Mimi mzima, ila redio yetu imekuwa bubu.

Ile antena uliyoifunga juu ya paa, kamati imemleta fundi mwenye cheti akaihamishia mnara wa tangi la maji, eti ipate urefu. Waya haukutosha, akaunga mwingine wa aina ile ile, mwembamba kama mrija wa soda. Kutoka mezani kwangu hadi kwenye antena ni mita sitini na mbili, nimepima mwenyewe. Tangu hapo nawasikia makao makuu wakitaniana kana kwamba tumekaa chumba kimoja, lakini wao hawanisikii. Juzi nimeita gari la wagonjwa mara kumi na moja kwa mama aliyekuwa akitokwa damu. Tukambeba juu ya mlango, mwendo wa saa tisa nzima, hadi kituo cha afya. Kapona kwa bahati tu.

Simu huku hazishiki, unajua. Posta yetu ni lori la dawa linalozunguka zahanati zote: siku saba kukufikia, saba kurudi. Nijibu kwa lori hili hili.

Dada yako

Hospitali, 10 Machi

Dada, shikamoo.

Barua imefika. Jiwe ni kilo nane, na nimebakiza wiki tano.

Redio yenu inatoa wati ishirini na tano. Waya wa milimita tano, kwa mita sitini na mbili, unazila karibu zote. Antena inaambulia wati moja na nusu. Makao makuu wana mtambo mkubwa, ndiyo maana mnawasikia. Ninyi mnanong'ona. Nilipofunga paani zilikuwa mita nane, mwembamba ukatosha. Umbali huo unataka waya mnene, wa milimita kumi. Nilimwambia hivyo mwenyekiti mbele ya kamati nzima, walipoanza kuuwaza mnara. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikasema kwenye redio mbovu, miaka kumi na tisa. Wakacheka wote saba. Nawe ulikuwepo, dada, ukaangalia chini.

Waya mnene hata huku mjini haupo. Lakini ipo njia ya kutumia huo huo mlio nao, kazi isiyofika saa moja. Siisemi. Wajumbe waniandikie kuniomba radhi, saini saba. Zikiwa sita, hesabu haijatimia.

Mdogo wako

Zahanati, 17 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini unalala vizuri. Mimi silali.

Saini sita hizi hapa. Mwenyekiti amekataa, anasema hampigii magoti fundi wa mtaani.

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, lakini sasa siwezi. Mkeo yupo kwangu tangu tarehe kumi na moja. Ametoka kwao aje kujifungulia kwa wifi yake, akanikataza nisikwambie usije ukahangaika na mguu. Mimba ina wiki thelathini na mbili. Amevimba miguu na uso, presha mia na sitini kwa mia na kumi, anaona vimulimuli. Anahitaji hospitali, siyo mimi wala kile kituo cha afya. Kwenye lori, siku saba za mashimo, atatufia njiani.

Siku ile niliangalia chini kwa kuwaonea aibu wao. Kama wewe uliona vingine, nisamehe. Saini ya saba nimeweka mimi. Niambie hiyo njia.

Dada yako

Hospitali, 24 Machi

Shikamoo dada. Salamu nyingine baadaye.

Usihangaike na waya. Hamisha redio. Chini ya mnara kuna kibanda cha pampu. Peleka redio na betri humo. Kutoka kibandani hadi antena ni mita kumi na tano. Kata waya hapo, ufunge plagi kama nilivyokuonyesha: uzi wa kati usiguse wavu wa nje. Mita kumi na tano zinakula nusu tu. Wati kumi na mbili zitafika juu, na zinatosha.

Nimehesabu. Ningeandika haya tarehe kumi, yangekufikia tarehe kumi na saba. Sasa yatafika thelathini na moja. Siku kumi na nne, dada. Uliniuliza habari za waya, nikakujibu habari za kicheko.

Nimewaomba wauguzi waniondolee jiwe nije. Wamekataa. Hamisha redio kwanza, ndipo umsalimie mke wangu.

Mdogo wako

Kibanda cha pampu, 31 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nikujulie hali vipi.

Mkeo alishikwa na kifafa cha mimba juzi alfajiri. Niliita mara thelathini na nne, huku nawasikia wakiulizana nani ana ufunguo wa stoo. Ametuacha saa saba mchana. Tumemzika jana. Habari za saini hakuwahi kuzijua.

Mtoto nilimpata akiwa hai. Wa kike, kilo moja na gramu mia saba. Namfunga kifuani apate joto, namnywesha maziwa kwa matone.

Lori limefika leo saa tatu. Nimesoma barua yako nimesimama. Mwenyekiti sikumngoja. Dereva kabeba betri, mimi nimekata waya kwa mkasi wa vitovu. Dakika arobaini na tano. Nilipobonyeza wakajibu mara ya kwanza, wakasema sauti safi kabisa, dada, ulikuwa wapi siku zote.

Gari linafika jioni. Barua hii nampa muuguzi wa gari pamoja na mtoto. Wameniuliza mgonjwa anapelekwa kwa nani huko. Nimewaambia kwa baba yake, wodi ya mifupa. Hawezi kusimama kumpokea, wampelekee kitandani.

Shangazi yake