Swali Ambalo Babu Yako Hakuliuliza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Endabash tu wazima, mahindi yamebeba, ila nyumba imepoa tangu uondoke kwenda kwenye kazi yako ya uwakili. Unauliza kama ni vibaya wakili kumtetea mtu anayeitwa mwizi.

Miaka ya sabini, nikiwa namnyonyesha mama yako, babu yako alishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Mzee mmoja alishuhudia kwamba alimwona ng'ambo ya bonde akiwaswaga. Mzee huyo kanisani tulikuwa tukimshika mkono kumwongoza, maana macho yake yalishafifia.

"Una swali kwa shahidi?" hakimu akamuuliza babu yako.

"Sina, mheshimiwa. Huyu ni kama baba yangu."

Nikasimama nimuulize mimi, mtoto mgongoni.

"Mama, kaa chini," hakimu akaniamuru.

Wa kumsemea hakuwepo. Akafungwa. Misimu miwili nililima peke yangu, nikiliuliza lile swali kwa sauti: "Mzee, unaona mpaka wapi?" Shamba halijibu.

Wewe kaulize kwa niaba ya huyo wanayemwita mwizi, Neema. Mahakamani shahidi lazima ajibu.

Bibi yako