Mwenyekiti Mwenye Tetekuwanga ya Rangi ya Mdomo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usinicheke kwa sauti, maana walionicheka wanatosha.

Mimi ni muuguzi wa watoto mwaka wa kumi na saba sasa, na hajazaliwa mtoto wa kunishinda kwa sindano. Mwaka jana, kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha wauguzi wa watoto, nilitoka nje kupokea simu ya mume wangu aliyekuwa anauliza chumvi iko wapi, niliporudi nikakuta napigiwa makofi, kumbe nimeshachaguliwa mwenyekiti. Nikasema haya, na kazi yenyewe ilikuwa kuiomba bodi inayosimamia wauguzi ituruhusu sisi tuliosomea zaidi kuwaandikia watoto dawa za magonjwa ya kawaida, kwa sababu kituoni kwangu daktari huja Jumanne na Ijumaa tu, na sikio la mtoto likiuma Jumatano halijui ratiba.

Siku ya kwenda mbele ya bodi nikavaa suti, nikasimama, na mkuu wa bodi, mzee wa miwani, akaniuliza kwa ukali, "Kwa nini muuguzi aandike dawa bila daktari?" Mshauri, sijui niliingiwa na nini, nilimshika mkono nikamwambia, "Tulia baba, haiumi, ni kidogo tu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nikatoka bila kuaga.

Baadaye bodi ikaandika: mwenyekiti arudi mwenyewe aeleze upya kabla mwezi haujaisha, la sivyo ombi linafungwa. Barua nikaificha kwenye mkoba, wanachama wakiuliza nasema bado hawajajibu. Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano, nikampigia katibu kwamba nina tetekuwanga. Magonjwa yote duniani, nikachagua la watoto, nikawaambia wauguzi wa watoto! Saa nne nachungulia dirishani, naona wanane wanakuja na vipimajoto na losheni. Nikajichora vidoti usoni kwa rangi ya mdomo, nikajitupa kitandani. Katibu, mama aliyenifundisha kazi tangu nikiwa mwanafunzi, akainama, akapitisha pamba ya spiriti shavuni, kidoti kikafutika. Akaitazama pamba, akanitazama mimi, kisha akawageukia wenzake: "Twendeni, mgonjwa apumzike." Kabla ya kutoka akaninong'oneza, "Mwanangu, tetekuwanga hii inanukia waridi."

Tangu siku hiyo hajanipigia. Nijiuzulu kimya kimya, au nihame mji?

Mimi, Mama Vidoti

MSHAURI ANAJIBU

Mama Vidoti, nimecheka, unisamehe. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji. Sasa tuzungumze.

Pole kwa aibu. Lakini aibu ni yako, barua si yako. Ni ya chama, na kila siku inayolala mkobani kuna mama amekaa kwenye benchi na mtoto analia, anaambiwa asubiri daktari. Hilo halichekeshi. Kujiuzulu? Umwachie nani mzigo ulioufunga mwenyewe? Na huo mji unaohamia hauna watoto?

Mpe katibu barua kabla hujaanza kujieleza, maana nakujua, utaanzia kwenye chumvi. Wanachama uwaambie ukweli wakiwa wamekaa. Kwa bodi nenda na sare yako ya kazi, suti iache kabatini, na usiwatajie vifungu vya sheria. Wasimulie mtoto mmoja tu uliyemwona kwa macho yako. Mikono iwe mfukoni.

Jambo la mwisho, ambalo pengine sikupaswa kulitoa. Wiki hii nimepata barua ya muuguzi mmoja mtu mzima, anauliza atamsaidiaje mwanafunzi wake wa zamani anayeficha jambo, bila kumvunjia heshima. Sitaichapisha. Nimemjibu kwamba siku gazeti hili litakapotoka, jioni asiende popote.

Likunje gazeti sasa, uvae viatu.