Beji ya Musyoki

Msambweni,
Jumamosi, 5 Septemba 1998.

Dada yangu Mwanamkuu,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba kwa haki ya ziwa la mama, yaliyomo humu yasimfikie mtu, hata shemeji, mpaka Jumatatu ipite. Natumai u mzima na watoto, na goti limepoa. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Unamkumbuka Musyoki, karani mwenzangu kutoka bara. Mwezi wa Juni makarani wa Kenya, Uganda na Tanzania waliitwa Tanga kufundishana namna ya kuwafungulia wananchi majalada ya serikali. Hata barua yake ya maombi niliisahihisha mimi. Nami niliomba, akachaguliwa yeye. Alirudi na beji ya plastiki shingoni, akawa hata chai hainywi bila beji.

Alitueleza kwamba wenzetu wa Tanga hubandika nje orodha za ugawaji wa mashamba, kila mtu akasoma bila kumbembeleza karani, na kwamba nchi zote tatu zimeahidiana kufanya hivyo, kisha zitembeleane kukaguana. Mkubwa wetu, Bwana Tsuma, akakubali. Tarehe 27 Agosti Musyoki akabandika kwenye ubao wa barazani orodha ya mashamba ya Majoreni, yenye muhuri, na siku kumi na nne za kupinga. Baraza ikajaa watu. Wazee walimwita mwanetu; mimi, mzaliwa wa huku, walinipita kama mlango. Naye akanitania mbele yao kwamba, Sufyan bwana, kabati lako la majalada sasa tufugie kuku. Nilicheka nao, dada, huku meno yakiniuma.

Kesho yake, Ijumaa, wenzangu walipokwenda msikitini nilisingizia tumbo, nikaibandua orodha ile. Nilitaka wageni wa Tanga, wanaokuja kutukagua, waukute ubao mtupu. Sasa Bwana Tsuma anasema Musyoki amehongwa aifiche, na wageni wakifika Jumanne kabla hajaionyesha, atafukuzwa. Musyoki beji ameivua. Nilidhani siku akiivua nitafurahi.

Jana niliikunjua chumbani. Shamba namba sitini na moja, la marehemu baba, unalolima wewe, limeandikwa jina la mtu nisiyemjua. Mwisho wa kupinga ni Alhamisi. Ungejulia wapi, na karatasi imelala chini ya godoro la nduguyo?

Jumatatu mchana nitairudisha ubaoni watu wakiniona, na nitasema ni mimi. Wabusu watoto. Boga aliyekuletea barua hii mpe maji, usimpe habari.

Njoo Jumanne na barua ya mgao ya baba. Usiniandikie ofisini, huenda meza si yangu tena. Niulizie kwa Kombe muuza chai, mkabala na soko. Ukinikosa, ingia ofisini umwone Musyoki. Atakufungulia jalada bila kukuuliza u ndugu wa nani.

Nduguyo,
Sufyan