Majina Niliyokataa Kuyasoma

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi imeikalia Nyeri wiki nzima, jua hatujaliona, na vidole vyangu vinakufa ganzi juu ya cherehani. Lakini leo sitetemeki kwa baridi. Ni hasira.

Wacha niandike kabla haijapoa.

Wanaosoma hapa wanaujua mchezo wangu. Mtu anaficha mkebe msituni, anaweka mtandaoni mahali ulipo, na wengine wanautafuta wakiongozwa na simu. Ukiupata unaandika jina lako kwenye daftari lililo ndani, unaurudisha, unaenda zako. Wenyewe wanauita geocaching. Mimi ni fundi wa sare za shule, mjane wa miaka hamsini na miwili, na mkebe wangu, wa plastiki, ulikuwa chini ya mzizi kando ya mto Chania. Mlinzi wa msitu aliniruhusu.

Alhamisi akina mama waliokwenda kuokota kuni waliupata. Ndani mlikuwa na daftari, vifungo, twiga wa plastiki na utepe mwekundu. Utepe ndio ulionimaliza, maana hapa kwetu kitambaa chekundu ni cha waganga. Kufikia jioni ilikuwa inasemwa kila mahali kwamba Mama Muthoni, yaani mimi, ametega dawa ya uchawi mtoni.

Leo asubuhi naibu wa chifu akaniita ofisini kwake. Nilikuta watu kama ishirini, na mkebe wangu mezani kama maiti. Aliyesimama mbele ni Mama Ciku, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Mabinti zake wawili waliolewa wakiwa wamevaa nguo nilizoshona mimi. Nyuma yake alikaa Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, amekumbatia mkoba.

Nikaeleza mchezo wote, mwanzo mpaka mwisho.

"Ati mchezo?" Mama Ciku akasema. "Mama mzima, mjane, anacheza na nani huko msituni?"

Watu wakacheka. Niliwaacha wacheke.

"Kama hayo majina si ya watu umefunga na dawa, soma tusikie," Mama Ciku akaendelea.

"Soma tu, Mama Muthoni," naibu akasema. "Tumalize hii maneno, niko na kazi ingine."

Nikasoma. Kijana wa Kangema aliyenyeshewa mpaka soksi. Mwalimu wa Naro Moru na wanawe watatu. Mtu aliyeandika tu kwamba mbega walimcheka. Nikaona nyuso zinalegea. Hata naibu alitabasamu. Nikafungua ukurasa uliofuata, nikaona mwandiko ninaoujua.

Mwezi wa nne Mama Pasta alikuja kupimwa rinda, akaanza kulia hata hajui kwa nini. Nilifunga duka, nikamwambia twende. Tulipoupata mkebe alicheka kama msichana, akaandika jina lake la kuzaliwa na mstari mmoja: "Rahab. Leo hakuna mtu ameniomba kitu."

Hapa kwetu mke wa mchungaji hana ruhusa ya kuchoka. Ningeusoma mstari ule, yangu yangeisha pale pale. Nani angesema uchawi, ikiwa Mama Pasta mwenyewe ameandika? Lakini yake ndiyo yangeanza.

Nilimtazama. Akatazama viatu vyake.

Nikafunga daftari. "Nimemaliza kusoma."

"Bado kuna kurasa," Mama Ciku akasema.

"Ziko. Sisomi."

Ofisi ikalipuka. Mnaona? Anaficha! Naibu akanipa njia mbili: nimwachie daftari, au kesho nisimame mbele ya kanisa niombe msamaha. Nikamuuliza msamaha wa nini. Akagongesha kalamu mezani. Basi nikaliingiza daftari ndani ya blauzi, kifuani kabisa, nikawaambia anayelitaka aje alichukue.

Hakuna aliyekuja.

Mkebe waliuchoma nyuma ya ofisi wakiimba pambio. Plastiki haina pepo. Ilinuka tu.

Nikiri jambo moja, kwa sababu hapa sidanganyi. Nilitaka Mama Pasta asimame. Muda wote ule nilikuwa nangoja asimame aseme, mimi pia nilienda. Hakusimama. Nilipopita karibu naye mlangoni aliinamisha kichwa, na nilimchukia njia nzima mpaka nikafika darajani.

Saa nane nilirudi mtoni. Nilikuwa na mkebe mpya, wa bati, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili: HUU NI MCHEZO. FUNGUA. ANDIKA JINA LAKO. Matope yalinifika magotini. Wanawake wawili wenye mizigo ya kuni walisimama kunitazama nikiuweka. Nikawasalimia kwa sauti, nikawaambia jina langu lote, la ubatizo na la baba, kisha nikaliandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya wakiniona. Mmoja aliuliza kama kuandika ni bure. Nikamwambia ni bure. Hakuandika, lakini hakukimbia.

Jioni hii Mama Pasta ameniandikia kwenye simu: "Asante. Mungu akubariki." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Nilikuwa na maneno makali tayari, nikayafuta. Nikamjibu: "Mkebe mpya uko pale pale. Ukichoka tena, niambie twende."

Amesoma.

Kesho ni Jumapili. Msamaha siombi. Nitavaa rinda langu la bluu, nitakaa kiti cha pili kutoka mbele kama kawaida, na pambio likianza nitaimba mpaka Mama Ciku ageuke aone ni nani.