Mshika Ngao

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi tunapumua. Kitinda mimba wetu macho yote mawili yamekwenda; anaona pembeni tu, katikati giza. Daktari kasema ndani ya chembe za mwili mna vitanuru vidogo, mitokondria, vinavyochoma chakula tupate nguvu. Vikichoma hutoa cheche za sumu. Zipo protini za kuzizima, ila hazifanyi kazi moja moja: hii inazima, ile inaishikilia isilegee. Kwetu hiyo ya kushikilia ni dhaifu. Tumeirithi kwa mama, sisi sote. Moshi huamsha ugonjwa. Toka kwenye tanuru la kioo huko kazini, nakuomba. Mama hali chakula. Anasema ametuzaa na giza.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo. Barua niliisoma, sikuelewa kitu. Nikamsomea mwenzangu wa zamu, yule tunayemwita Bubu kwa sababu hanyamazi. Akacheka, "Kumbe hata tumboni mwako watu wanaingia zamu!"

Hapo nikaelewa. Mimi nachota kioo kilichoyeyuka kwa upawa mrefu, yeye anasimama na ngao ya bati kati yangu na moto. Hachoti, lakini asipokuwepo sichoti.

Ila kuacha siachi. Nikirudi mtakula nini? Macho yangu yanaona hata nzi ukutani. Mwambie mama ale.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. U hali gani, mbona kimya? Mama anakula kidogo. Kila asubuhi ananiuliza, "Yule naye anaona?" Nimjibu nini? Kitinda mimba anasema kwake ilianza kama doa, kama alama ya kidole kwenye kioo. Anasema ukiliona usitufiche.

Dada yako

11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nisamehe herufi kubwa, ndizo ninazoziona.

Doa lilikuja mwezi wa tano, jicho la kushoto. Nikajiona najua kuficha. Kumbe Bubu alishanijua. Kila siku alikuwa anasogea karibu zaidi na ngao yake, ananisukuma kwa bega mpaka upawa ukae sawa, huku anapiga domo kama kawaida.

Juma lililopita niliukosa mdomo wa tanuru, kioo kikamwagika. Ngao aliielekeza kwangu, yeye akabaki wazi. Mkono wake umeungua mpaka kwenye kiwiko.

Nilimwuliza kwa nini hakunisema kwa msimamizi. "Wangekutoa," akasema. "Ngao ningemshikia nani?" Kisha akanyamaza. Sijawahi kumsikia amenyamaza.

Nimeacha tanuru. Jicho la kulia nalo limeanza. Mama msimfiche. Ila mwambieni hakutuzaa na giza. Vitanuru vyangu ni vyake, na ndivyo vilivyonipa nguvu za kubeba upawa miaka yote hii.

Nakuja mwisho wa mwezi. Bubu atanipandisha basi kwa mkono wake mzima. Wewe ukifika stendi usinipungie. Niite kwa sauti.

Mdogo wako